Alama Inayochipuka Kabla ya Arobaini

Siku mpwa wangu alipotolewa nje, mama yake alimvika kofia ya sufi iliyoshuka hadi kwenye nyusi, ilhali jua la Tanga siku hiyo lilikuwa la kuchoma. Ubani ulikuwa unafukizwa, sinia za wali zinapita, na kila mgeni aliyempakata mtoto alitaka kuiona sura yake. Shangazi yetu mmoja akaivuta ile kofia juu kidogo. Kwenye kope la juu la jicho la kushoto palikuwa na kinundu chekundu, kikubwa kidogo kuliko punje ya hindi, kimejaa vijipunje kama tunda la forosadi.

"Mwanangu, huyu kaungua?"

"Hajaungua, shangazi. Kimetoka tu."

"Kimetoka tu! Ulipokuwa na mimba yake ulitamani nini ukanyimwa?"

Dada yangu hakujibu. Alimchukua mwanawe, akaishusha kofia, akaingia chumbani na hakutoka tena mpaka wageni walipoondoka. Usiku ule ndipo aliponieleza kwamba mtoto alizaliwa hana alama yoyote. Wiki ya kwanza ilipokaribia kwisha aliona kijidoa kilichopauka, akadhani ni mbu. Wiki ya tatu kikawa chekundu. Wiki ya nne kikaanza kuinuka. Wiki ya sita kilikuwa kama nilivyokiona.

Watu wengi humaliza habari hii kwa kusema "alama ya kuzaliwa", na jina hilo lenyewe ndilo linaloanza kuwapoteza. Alama za kuzaliwa zipo. Lipo baka la buluu au kijivu mgongoni na matakoni, ambalo watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa nalo na ambalo hufifia bila kumdhuru mtu. Lipo waa tambarare la rangi ya zabibu, kama lile lililokuwa kichwani mwa Mikhail Gorbachev. Hilo mtu huzaliwa nalo, hukua nalo na huzeeka nalo, maana ni mishipa ya damu iliyotanuka tangu tumboni. Kilichokuwa kwenye jicho la mpwa wangu ni kitu cha tatu. Madaktari hukiita hemanjioma ya utotoni. Seli zinazojenga kuta za vishipa vya damu huzaana kwa kasi mahali pamoja zikafanya fundo, kisha baada ya miezi kasi hiyo hukatika, seli zinakufa kidogo kidogo na mahali pake panabaki mafuta na nyuzinyuzi. Si saratani na haigeuki saratani. Waingereza huifananisha na stroberi, tunda ambalo kwetu wanalijua zaidi watu wa Lushoto na Limuru. Ukisema forosadi, mtu wa pwani anaelewa mara moja.

Hata madaktari walichelewa kuzitenga alama hizi. Kwa miaka mingi kila chekundu kilichokuwa kwenye ngozi ya mtoto kiliitwa jina moja, mpaka mwaka 1982 John Mulliken na Julie Glowacki wa Boston walipozichunguza seli zenyewe na kuonyesha kwamba kuna uvimbe unaokua na kusinyaa, na kuna mishipa iliyoumbika vibaya ambayo haitasinyaa kamwe. Kwa mzazi, tofauti hii ina maana kubwa: ushauri unaofaa kwa alama moja unaweza kuwa madhara kwa nyingine.

Hemanjioma si kitu adimu. Tafiti, nyingi zikiwa za Ulaya na Marekani, huikadiria kwa watoto 4 au 5 katika kila 100. Huwapata zaidi wasichana kuliko wavulana, na zaidi watoto njiti na waliozaliwa na uzito mdogo. Na ina ratiba yake. Huonekana katika wiki za kwanza, hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote kati ya wiki ya 5 na ya 8, na mtoto anapotimiza miezi 3 nyingi huwa zimefikia kama asilimia 80 ya ukubwa wake wote. Kufika mwezi wa 5 nyingi zimemaliza kukua, isipokuwa zile zilizo ndani ya ngozi ambazo huendelea miezi kadhaa zaidi. Karibu na mwaka wa kwanza wekundu unaanza kupauka kuwa kijivu, kuanzia katikati. Halafu hunywea polepole, nyingi zikiwa zimemaliza kazi hiyo mtoto akiwa na miaka 4 hivi.

Hebu iweke ratiba hiyo kando ya kadi ya kliniki. Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, kote mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha hurudishwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hata mpango wa afya ulioandaliwa kwa ajili ya hemanjioma usingepishana sana na huu. Wiki ya 6 alama iko katikati ya mbio zake. Wiki ya 10 bado inawezekana kuizuia isifike mbali. Wiki ya 14 sehemu kubwa ya uharibifu, kama upo, imeshafanyika. Mtoto analetwa mwenyewe, anavuliwa nguo, anawekwa kwenye mizani mbele ya mtu mwenye mafunzo ya afya. Kinachokosekana ni jicho la kuitazama ile alama na kuipima, na swali moja: iko wapi, na inaelekea wapi?

Dada yangu aliulizia wiki ya 6. Aliambiwa, "Itaisha yenyewe, mama, usiwe na wasiwasi." Wiki ya 10 aliambiwa vilevile. Sitaitaja zahanati, kwa sababu jibu hilo lingeweza kutolewa na zahanati yoyote, na hospitali nyingi pia. Wala sisemi nesi yule alidanganya. Alisema kweli, ila kweli yake ilikuwa nusu, na ili kuelewa ilikotoka inabidi kurudi nyuma karibu miaka 100.

Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ulaya walikuwa na haraka na alama hizi. Waliziunguza, walizigandisha, walizikata. Halafu ikaja radiamu. Huko Stockholm, kati ya mwaka 1920 na 1959, watoto wachanga zaidi ya 14,000 waliwekewa mionzi kwenye ngozi ili kuondoa alama ambazo nyingi zingeondoka bila kuguswa. Wasweden walitunza kumbukumbu zao vizuri, kwa hiyo tunajua kilichofuata: miaka mingi baadaye, waliopata mionzi mingi kifuani na shingoni walionekana kuugua saratani ya titi na ya tezi dundumio kuliko ilivyotarajiwa. Na mwaka 2004 watafiti waliofuatilia wanaume waliowekewa mionzi kichwani kabla ya kufikisha miezi 18 walionyesha kwamba kadiri kipimo cha mionzi kilivyopanda, ndivyo waliofika sekondari ya juu walivyopungua. Wazazi wa watoto hao walikuwa watu kama dada yangu. Waliogopa uso wa mtoto usiharibike, wakampeleka kwa mtu waliyemwamini.

Katikati ya pilikapilika hizo, mwaka 1938, daktari Mwingereza aitwaye Lister alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kazi ya subira. Aliwafuatilia watoto 77 wenye alama 93 bila kuwatibu, akaona zote zinasinyaa. Ilichukua muda, lakini somo hilo likaingia vyuoni: iache, itaisha yenyewe. Lilikuwa somo la rehema, na liliwaepusha watoto wengi na visu na mionzi. Nesi wa wiki ya 6 alikuwa anarudia somo hilo, na kwa alama nyingi ndogo za mkononi, tumboni au mgongoni lingali sahihi hadi leo.

Tatizo ni kwamba kusinyaa si sawa na kutoweka bila dalili. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa hemanjioma ambazo hazikutibiwa, kwa watoto waliofika hospitali za rufaa, na katika takriban asilimia 55 zilibaki alama za kudumu: ngozi iliyolegea na kukunjamana, vishipa vyekundu, donge la mafuta, kovu. Na kuna mahali ambapo hata kusinyaa kukija hakusaidii, kwa sababu madhara hayangoji.

Jicho ni mojawapo. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya kwanza ya maisha, na hujifunza kwa kutumia macho yote mawili. Kope likilemewa na uvimbe, au uvimbe ukilikandamiza jicho lenyewe likabadilika umbo, ubongo huacha kulitegemea jicho hilo. Uvimbe unaweza kuisha kabisa mwaka wa nne na jicho likabaki vivu. Mahali pengine ni eneo la uso ambalo kwa mwanamume huota ndevu: alama zilizotapakaa hapo zinaweza kuwa na mwenzao ndani ya koo, na mtoto akaanza kupumua kwa sauti ya kukwaruza. Mtoto wa namna hiyo hapelekwi kesho. Alama za mdomoni, puani na sehemu za nepi huweza kuvimba, kupasuka na kuwa kidonda kinachouma kila anyonyapo au ajisaidiapo. Alama iliyo sehemu ya chini ya uti wa mgongo inahitaji kupigwa picha, kwani huweza kuficha hitilafu ya uti wenyewe. Alama kubwa inayofunika eneo pana la uso hudai moyo, macho na mishipa ya kichwani kuchunguzwa. Na mtoto mwenye alama 5 au zaidi, hata zikiwa ndogo kama kichwa cha pini, anahitaji kupimwa ini kwa altrasaundi, kwa kuwa uvimbe uleule huweza kukaa humo.

Mengi ya hayo yalijulikana kabla ya mwaka 2008, lakini tiba yake ilikuwa ngumu: dawa za steroidi kwa miezi, zenye madhara mengi, au upasuaji. Ndipo huko Bordeaux, Ufaransa, daktari wa ngozi Christine Léauté-Labrèze akaona jambo ambalo hakuwa analitafuta. Mtoto mmoja aliyekuwa akipewa steroidi kwa ajili ya hemanjioma ya pua alipata hitilafu ya moyo, akaanzishiwa propranololi, dawa ya moyo na presha iliyokuwepo tangu miaka ya 1960. Kesho yake uvimbe ulikuwa umegeuka kutoka wekundu mkali kuwa zambarau, na umelainika. Mtoto wa pili alikuwa amefungwa jicho na uvimbe. Siku 7 baada ya kuanza dawa alilifungua mwenyewe. Taarifa ile ya kurasa chache, ikiwa na watoto 11 tu kwa jumla, ilibadilisha tiba dunia nzima. Mwaka 2015 ukachapishwa utafiti mkubwa wa watoto 460: waliotumia propranololi kwa kipimo kamili miezi 6, asilimia 60 uvimbe ulikwisha au ulikaribia kwisha kabisa, dhidi ya asilimia 4 tu kwa waliopewa dawa isiyo na kitu.

Propranololi si dawa ya matajiri. Ni dawa ya zamani, ya bei ya chini, iliyopo katika maduka mengi ya dawa ya Afrika Mashariki. Jambo hili hunifurahisha na kunitia hofu kwa pamoja. Kidonge cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 40. Mtoto wa kilo 5 anayepewa miligramu 2 kwa kila kilo anahitaji miligramu 10 kwa siku nzima, nazo zimegawanywa mara mbili au tatu. Mzazi atakayesoma mahali kwamba dawa hii inatibu, akanunua na kuvunja kidonge kwa kisu cha jikoni, anaweza kumuua mwanawe. Dawa hupunguza mapigo ya moyo na presha, hubana kifua cha mtoto mwenye pumu, na zaidi ya yote huweza kushusha sukari ya damu. Ndiyo maana daktari husikiliza moyo kwanza, mfamasia hutengeneza au hutoa dawa ya maji yenye kipimo, na mama hufundishwa kuipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Dada yangu aliiandika kwa wino kwenye ukuta wa jikoni: anyonye kwanza, dawa baadaye. Mtoto akitapika au akikataa kunyonya, dozi hiyo inarukwa na daktari anaarifiwa. Katika nchi zetu neno hili lina uzito wa pekee. Mtoto anaweza kulala mzima akaamka na homa ya malaria, na malaria yenyewe huweza kushusha sukari kwa watoto. Homa, kutonyonya na propranololi ni vitu ambavyo havipaswi kukutana ndani ya mwili mmoja mdogo. Akilegea, akitoka jasho la baridi, akitetemeka au akilala usingizi usio wa kawaida, ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Kwa alama ndogo na nyembamba kuna njia nyepesi zaidi, matone ya timololi, dawa ya macho ya presha ya jicho, ambayo daktari anaweza kuagiza yapakwe juu ya ngozi. Leza huja baadaye, kwa vishipa vinavyobaki. Kisu kina nafasi yake pia, mara nyingi mtoto akiwa na miaka 3 au 4, pale panapobaki ngozi ya ziada. Umri huo haukuchaguliwa ovyo: ndipo mtoto anapoanza kujilinganisha na wenzake na kuuliza kwa nini yeye ana kitu ambacho mwenzake hana.

Lakini tiba haimfikii mtoto aliyefichwa, na sababu za kumficha ni nzito. Swali la shangazi yangu, ulitamani nini, si la Tanga peke yake. Waarabu wa Oman na Ghuba huiita alama ya namna hii *wahma*, neno lililo ndugu wa *waham*, uchu wa mjamzito. Waitaliano husema *voglia*, Waispania *antojo*, Wafaransa *envie*, na yote matatu ni maneno ya tamaa. Nchi zisizofanana kwa lolote zimekubaliana kumtupia mama lawama kwa chakula alichotamani akakosa. Kwetu huongezwa mengine: jicho baya, mkosi wa ukoo wa mume, kupatwa kwa mwezi. Nimeona namna mama anavyojikagua kwa miezi, akikumbuka kila embe na kila ugomvi wa wakati wa mimba, akitafuta kosa.

Kosa halipo. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli za hemanjioma hubeba protini iitwayo GLUT1, ambayo haipatikani kwenye vishipa vya kawaida vya ngozi lakini hupatikana kwenye vishipa vya kondo la nyuma. Tangu hapo wanasayansi wanajadiliana kama chanzo ni seli zenye asili moja na za kondo, au ni tishu za mtoto zilizokosa oksijeni na kuita mishipa mipya kwa pupa. Mjadala haujaisha, ila katika pande zake zote embe halimo, na ukoo wa mume haumo.

Lawama ina gharama inayopimika kwa wiki. Mwanamke anayeona aibu hufunika, na arobaini humpa nafasi ya kufunika: mtoto yuko ndani, anayemwona ni bibi na mkunga, na ndipo tiba za mikono zinapoanza. Kuna wanaopaka majivu, wanaopaka dawa ya meno, wanaochanja chale na kusugua unga wa mizizi, wanaofunga shina la uvimbe kwa uzi. Uvimbe huu ni fundo la damu. Ukichanjwa unatoka damu, ukiingia uchafu unaoza, na kovu litakalobaki litakuwa la chale wala si la alama. Wanja nao, unaopakwa kwenye paji na machoni kuzuia husuda, aina zake nyingine zina risasi, sumu ambayo mtoto mchanga haihitaji hata chembe. Nawaheshimu bibi zetu. Kumkanda mzazi, kumpa uji wa pilipili manga, kumlinda mama asibebe ndoo, hayo wametuzidi. Katika hili naomba mikono yao ipumzike.

Na kuna rangi ya ngozi. Vitabu vingi vya magonjwa ya ngozi vimejaa picha za watoto weupe, ambao hemanjioma kwao ni nyekundu kama nyanya. Kwa mtoto mweusi, iliyo juu ya ngozi huwa nyekundu ya kukolea au zambarau, na iliyo ndani huwa donge laini lenye rangi ya ngozi yake mwenyewe, pengine na ubuluu kwa mbali, ambalo mtu hulidhania jipu au tezi. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisomea udaktari London, alishirikiana na walimu wake kutoa kitabu cha picha za dalili kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu darasani alikuwa akiuliza dalili hizo zinaonekanaje kwenye ngozi kama yake. Swali hilo linastahili kuulizwa katika kila chuo cha uuguzi cha Afrika Mashariki. Mahali pa kuanzia papo: KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi ambacho kimetoa wataalamu kwa nchi nyingi za Afrika. Ila wataalamu hao ni wachache mno kuweza kukaa kwenye kila zahanati. Anayekaa pale ni nesi wa mizani, na ndiye anayepaswa kujua ni alama ipi ya kuachwa na ipi ya kuandikiwa rufaa leo. Miongozo ya madaktari wa watoto wa Marekani ya mwaka 2019 inataka alama yenye hatari ionwe na mtaalamu mapema, ikiwezekana mtoto akiwa na mwezi 1. Kwetu tukiweza wiki ya 6, tutakuwa tumeokoa macho mengi.

Nyumbani, kazi ya mzazi katika kungoja ni kutazama kwa utaratibu. Dada yangu alichukua kipande cha karatasi ya plastiki ya mfuko wa mkate, akakiweka karibu na alama bila kuigusa, akaifuatisha kwa kalamu na kuandika tarehe pembeni. Kila Ijumaa alichora nyingine. Michoro minne ikiwa juu ya meza ya daktari ilieleza zaidi ya maneno yote aliyokuwa akiyasema kliniki. Simu ingefanya kazi ileile, mradi picha ipigwe mahali pamoja, kwenye mwanga wa mlangoni, pembeni pakiwa na sarafu ya kulinganishia. Kucha za mtoto zikatwe fupi. Ngozi iliyo juu ya alama ipakwe vaselini ikiwa imekauka. Ikichubuka na damu ikatoka, kitambaa safi kikandamizwe kwa nguvu dakika 10 hadi 15 kwa kutazama saa, bila kufunuafunua kuangalia; damu nyingi hukatika hapo, na isipokatika ni kwenda hospitali. Alama ikiwa na weupe au kijivu katikati mtoto angali na miezi 2 au 3, usifurahi kwamba inapona. Huenda ni ngozi inayotaka kupasuka kuwa kidonda, na inafaa ionwe.

Kutazamwa na watu ni mzigo mwingine, na haupimwi kwa sarafu. Kwenye daladala mtu asiyekujua atauliza umemmwagia mtoto chai. Sokoni mwingine atamvuta mwanawe mbali, akidhani inaambukiza. Wazazi niliozungumza nao wamegundua kwamba jibu fupi lililotayarishwa huponya zaidi ya ukimya: "Ni vishipa vya damu, havimuumi wala haviambukizi, na yuko chini ya daktari." Halafu unaendelea na safari yako. Baba anapolisema jibu hilo yeye mwenyewe, mbele ya mama yake na dada zake, mke hupumua. Shemeji yangu alichelewa kulisema. Alipolisema, kofia ya sufi iliondoka. Na mtoto apigwe picha. Nimeona albamu ambazo mwaka mzima wa kwanza wa mtoto haumo, au umo kwa upande mmoja tu wa uso, na mtoto huyo akikua atauliza alikuwa wapi.

Mpwa wangu alifika kwa daktari wa macho akiwa na wiki 15, kwa rufaa iliyoandikwa na daktari kijana aliyeitazama michoro ile minne na kunyanyuka kitini. Kope lilikuwa limefunika nusu ya mboni. Alianza propranololi siku tatu baadaye, moyo wake ukiwa umepimwa, na baada ya wiki mbili jicho lilikuwa wazi. Aliendelea na dawa hadi alipotimiza mwaka. Leo ana miaka 5, na kwenye kope lake ukitazama kwa karibu utaona ngozi iliyolegea kidogo, basi. Lakini jicho la kushoto ni vivu. Kwa miaka miwili alizibwa la kulia saa kadhaa kila siku ili la kushoto lilazimike kufanya kazi, na anavaa miwani. Daktari wake alituambia kwamba dawa ingeanza wiki ya 6, huenda miwani isingehitajika.

Basi wewe mwenye mtoto mchanga nyumbani, au mwenye mkwe, dada au jirani aliye ndani ya arobaini: mtazameni mtoto mwili mzima kwenye mwanga, kuanzia utosini hadi nyayoni, pamoja na ndani ya nepi. Mkiona doa linalokua, msingoje arobaini ipite ikiwa liko jichoni, mdomoni, puani, kwenye kidevu na shingo, chini ya mgongo au sehemu za siri, au kama yako matano na zaidi. Likiwa mahali pengine, siku ya chanjo ya wiki ya 6 mvueni nguo zote, mwonesheni nesi, na mwombeni apime urefu wa alama na kuuandika kwenye kadi pamoja na tarehe. Akisema itaisha yenyewe, mwambieni kwa heshima: "Sawa, lakini tuandikie, ili wiki ya 10 tulinganishe."